Mrejesho: shoga yangu amerudi Lamu baada ya upasuaji wa ubongo

Assalam aleikum ndugu zangu. Niliwauliza namna ya kumsaidia shoga yangu aliyekuwa akienda Nairobi kupasuliwa uvimbe kwenye ubongo. Alhamdulillahi, ametoka salama, na juzi tumevuka naye kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara.

Dada uliyeniambia niingie naye kwa daktari na daftari, Mungu akulipe. Yeye kwa hofu hakushika neno hata moja. Mimi niliandika yote, mpaka saa za vidonge vya kuzuia kifafa. Ule mtandio laini wa pamba mlioniambia nimnunulie kabla hajanyolewa, ndio anaojifunga hadi leo.

Lililonishinda ni wageni. Nilibandika karatasi mlangoni kama mlivyonishauri, lakini mtaani kwetu Langoni utamzuiaje mtu asije kumjulia hali? Siku ya pili kelele zilimwumiza kichwa hadi akalia. Sasa mamake anawapokea dakani, pale kibarazani penye mlango wa nje, mwenyewe yuko chumbani amepumzika.

Maneno bado yanampotea. Jana alitaka kijiko, akasema, "Kile cha... cha uji." Nikangoja bila kumtajia, kama mlivyonielekeza. Akalipata mwenyewe, akatabasamu. Asanteni sana, nyote.