Kuuza plazma ya damu ni dhambi au ni kibarua kama vibarua vingine?

Zabibu Kavu:
Wakuu habari za mchana. Nina swali limenikaa kichwani toka Jumamosi na wala si utani. Mtoto wa mamdogo yuko Texas anasoma, juzi tunachati nikamuuliza mbona kila wiki una hela ya kurusha nyumbani na kazini uliniambia wamekupunguzia masaa, akasema kaka mi nauza plazma. Mara mbili kwa wiki. Anakaa kwenye kiti kama saa nzima, mashine inavuta damu, inachuja yale maji ya njano, chembe nyekundu zinamrudia kupitia sindano ileile, hela inaingia kwenye kadi, kama dola 50 hivi kwa mara moja. Akanitumia na picha ya mkono, pale kwenye kiwiko kwa ndani pana kovu kama la chanjo.

Sasa mimi mwezi wa sita siku ya wachangia damu nilipanga foleni kwenye hema, nikatoa chupa yangu, nikapewa soda na biskuti, nikarudi kibaruani na kizunguzungu changu. Mshkaji wangu hapa kijiweni anasema sisi mazoba, wangelipa hata elfu 20 hospitali zote Dodoma zingejaa damu. Upande mmoja naona ana pointi, upande mwingine roho inakataa na sijui inakataa nini.

Fundi Kizota:
Roho inakataa kwa sababu umeshiba. Mbeba magunia wa Kibaigwa anauza mgongo wake kila siku, gunia kilo mia, akifika miaka 45 hawezi kuinama kufunga viatu, na sijawahi kuona mtu anafungua uzi kuuliza kama ni haki. Huyo dogo anauza maji ambayo mwili unayarudisha ndani ya siku mbili, ndo tuitishe kikao? Kiwanda kinauza dawa, daktari ana mshahara, dereva wa gari la damu ana posho, mwenye damu yake ndo apewe soda. Acheni hizo.

Maabara Tu:
@Fundi la magunia nimecheka ila lina ukweli. Mi niko maabara, ngoja nitenganishe maana mnachanganya. Damu nzima mnayotoa huku, mwanaume kila miezi mitatu na mwanamke minne, anaongezewa mgonjwa karibu kama ilivyo. Plazma ya huyo dogo inaenda kiwandani, inachanganywa na ya maelfu ya watu, inapitishwa kwenye joto na kemikali za kuua virusi, ndo zinatoka fakta, yaani protini za kugandisha damu kwa wenye hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda), albumini ambayo ni protini ya damu, na kingamwili. Mtu akidanganya kwenye fomu, kiwanda bado kina nafasi ya kumuua huyo mdudu. Chupa yako wewe haina kiwanda. Tunapima UKIMWI, homa ya ini B na C, kaswende, lakini aliyeambukizwa juzi kipimo kinaweza kisimuone, hapo tunategemea mdomo wake tu. Na mtu anayeisubiri elfu 20 akanunue unga wa ugali, ukimuuliza umewahi kuugua manjano atakujibu nini?

Haya yalishatokea. Henan kule China miaka ya 1990 wakulima walikuwa wanauza plazma, wanunuzi wakawa wanachanganya damu za watu wengi pamoja, plazma wanachukua, chembe nyekundu zilizochanganyika wanawarudishia. Vijiji vizima vikapata UKIMWI. Na wenye hemofilia Uingereza miaka ya 70 na 80 walichomwa fakta kutoka Marekani, plazma ya kununua, nyingine ya wafungwa, ile njia ya joto ilikuwa bado haijaanza kutumika.

Mama Wawili:
Nyie mnabishana hela, mi niwape upande wa anayechomwa. Mimi kundi langu la damu ni O hasi, baba watoto chanya. Wa kwanza alipozaliwa chanya nesi akaniambia mama unatakiwa sindano ya anti-D ndani ya masaa 72, la sivyo mimba ijayo mwili wako unaweza kuishambulia damu ya mtoto. Pale nilipojifungulia imeisha. Mume wangu kazunguka na boda maduka ya dawa toka Majengo mpaka Area C, kaipata duka la nne, laki na ushee, karudi nayo kwenye themosi ya chai ina barafu. Hiyo sindano kwa kawaida inatengenezwa kwa plazma ya watu. Kuna babu wa Australia, James Harrison, alitoa mara 1,173 bila kulipwa, kafariki 2025, Mungu amrehemu. Ila kina babu kama yule hawatoshi, Marekani peke yake ndo inatoa karibu theluthi mbili ya plazma ya dunia na inalipa. Kwa hiyo huenda mwanangu wa pili yupo kwa sababu ya mtu aliyekuwa anatafuta kodi ya chumba. Nimseme vibaya? Mi natamani nimpigie nimuulize umekula.

Boda Nkuhungu:
Mnajifanya huku hatulipi. Ukiambiwa leta ndugu watatu warudishie damu ya mgonjwa na ndugu zako wote wako Mpwapwa, utawakuta vijana wamekaa pale kwa muuza miwa wanakuuliza bro unahitaji ndugu? Mwaka juzi baba mdogo anapasuliwa nililipa elfu 40 nikapata kaka wa siku moja, nikamkaririsha mpaka jina la ukoo. Nesi kamuuliza mgonjwa ni nani yako, kajibu shemeji wakati tulikubaliana mjomba. Sasa kipi bora, alipwe dirishani kwa risiti au alipwe kwenye miwa?

Maabara Tu:
Huyo wa kwenye miwa ndo ananinyima usingizi, anaweza kuwa katoa wiki mbili zilizopita sehemu nyingine kwa jina lingine. Ila ukianza kulipa dirishani atakuja yeye na wenzake kumi. Wanaotubeba ni wanafunzi, shule zikifungwa akiba inashuka, na hawajawahi kudai hela, wanadai gari liwafuate.

Kuhusu dogo, Marekani wanaruhusu mara mbili ndani ya siku saba, yaani hadi 104 kwa mwaka. Ujerumani nao wanalipa lakini mwisho mara 60. Mi hela hainisumbui sana, hizo mara ndo zinanisumbua. Fundi kasema maji yanarudi siku mbili, sawa, ila protini na kingamwili zinachelewa.

Zabibu Kavu:
Nimemtumia dogo uzi huu. Kajibu leo wamemrudisha, wamempima kwa tone la kidoleni protini iko chini, kwa hiyo wiki hii hakuna kitu. Anakula tambi za pakiti asubuhi na jioni. Na mamdogo hajui hela inatoka wapi, anajua ni kazini, jana kanipigia nimkumbushe mwanae hela ya bati. Nimwambie au ninyamaze?

Fundi Kizota:
Duh. Nyamaza kwanza. Bati zimebaki ngapi?