Naomba ushauri: niliwaambia wanafunzi kuna kinachoupita mwanga, nirekebisheje?

Mwalimu wa zamu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia kidato cha sita. Juzi mwanafunzi aliniuliza kuhusu Tuzo ya Nobel ya 2022, ile waliyopewa Aspect, Clauser na Zeilinger. Nikajibu kwa kujiamini: fotoni mbili, yaani chembe za mwanga, zikifungamana hata majibu ya vipimo vyake yakawa yanahusiana, ukiipima moja, ya pili inapata habari papo hapo hata ikiwa upande wa pili wa dunia. Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, si ulitufundisha hakuna kinachoupita mwanga?" Kengele iligonga bado nimeshika chaki. Tangu hapo usingizi umenipaa. Keshokutwa nina kipindi nao, nianzie wapi?

Mtu wa Pwani
Pole mkuu. Tumia ndala. Chukua jozi, kila mguu uutie kwenye mfuko wake bila kutazama, mmoja uende Kigoma, mwingine ubaki nao Tanga. Ukifungua wako ukakuta wa kushoto, umeshajua wa Kigoma ni wa kulia. Hakuna kilichosafiri.

Mama Fizikia
Ndugu yangu, akiishia kwenye ndala atawapotosha mara ya pili. Hivyo ndivyo Einstein alivyoamini: majibu yako ndani ya chembe tangu mwanzo. Mwaka 1964 John Bell akaonyesha kwamba jambo hilo linapimika.

Mwalimu, lifanye darasani. Kila fotoni inakutana na kichujio cha mwanga kilichozungushwa kwa nyuzi 0, 60 au 120. Ama inapita, ama inazuiwa. Vichujio vya pande zote mbili vikiwa na nyuzi sawa, majibu hulingana daima. Sasa simamisha wanafunzi wawili, wapatane majibu ya nyuzi zote tatu kabla ya kutengana, kama ndala zilizokwisha kufungwa. Maswali matatu, majibu ya aina mbili: lazima angalau mawili yafanane. Kwa hiyo ukiwauliza nyuzi tofauti kwa kubahatisha, mara nyingi nyingi, kulingana kwao hakushuki chini ya thuluthi. Hesabu ya kwanta, yaani fizikia ya chembe ndogo kabisa, inasema robo, chini ya thuluthi. Vipimo vya aina ya Bell, vya Aspect karibu na Paris mwaka 1982 na vile vya Delft, Uholanzi, mwaka 2015 ambako elektroni zilitenganishwa kwa kilomita 1.3, vimeipa haki kwanta: mfano wa ndala hautoshi. Mimi nilipoifanya hesabu hii kwa mkono wangu mara ya kwanza, niliirudia mara tatu.

Mwalimu wa zamu
Mama, nimeifanya sasa hivi, ni kweli thuluthi. Basi si ndiyo kusema kuna kitu kinaruka?

Fundi Mitambo
Ujumbe hauruki, mkuu. Aliyeko Tanga anaona nusu zimepita, nusu zimezuiwa, hata wa Kigoma azungushe kichujio chake vyovyote. Hakuna anayeweza kuchagua jibu litoke lipi, kwa hiyo hakuna cha kutuma. Ulinganifu unaonekana pale tu wanapopigiana simu na kuweka madaftari pamoja, na simu haiupiti mwanga.

Mama Fizikia
Hapo ndipo pa kusimamia. Kama chini yake kuna mguso wa papo hapo, wanafizikia bado wanabishana: tafsiri ya kwanta ya mwanafizikia Bohm inaukubali, nyingine zinaukataa. Waambie hivyo hivyo.

Mwalimu wa zamu
Nimeelewa, Mungu awabariki. Nitaanza kwa kuwaambia nilikosea. Karatasi za majibu nimeshazikata, na binti yule ndiye atakayesimama upande wa Kigoma.