Je, elimu ya kilimo cha bustani humfaa mtengenezaji wa manukato?

Mpogoaji, Usa River:
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina stashahada ya kilimo cha bustani, na kwa sasa ninasimamia kitalu nyumba cha mawaridi ya kusafirishwa nje. Ninatamani kujifunza utengenezaji wa manukato, lakini muuzaji mmoja wa marashi hapa Arusha ameniambia kwamba kazi hiyo ni ya pua na kemia, na kwamba upogoaji na magonjwa ya mimea havitanifaa kitu. Je, ni kweli?

Mama Asumini, Moshi:
Mwanangu, muuzaji huyo amekupa nusu ya habari. UNESCO ilipoyaingiza maarifa ya manukato ya eneo la Grasse, Ufaransa, katika orodha ya urithi mwaka 2018, ilitaja kwa pamoja kulima mimea, kujua malighafi na kuzisindika, na sanaa ya kuchanganya.

Mkulima anajua kwamba harufu ina saa zake. Waridi la Dameski linalolimwa Kazanlak, Bulgaria, huchumwa alfajiri, kwa kuwa jua likipanda mafuta hupungua. Na kwa vile kilo 1 ya mafuta huhitaji tani kadhaa za maua, kuchelewa ni hasara kubwa. Asumini ina tabia nyingine: huendelea kutoa harufu hata ikishachumwa, ndiyo maana mafundi wa Grasse walikuwa wakiyalaza maua mabichi juu ya shahamu iliyopakwa kwenye vioo, wakiyabadilisha kila siku mpaka shahamu ishibe. Mlangilangi, ambao ndugu zetu wa Pemba wanaufahamu vizuri, husubiriwa mpaka ua ligeuke manjano, ilhali karafuu huchumwa ikiwa bado tumba. Aliyejifunza kwenye chupa tu hatajua kwa nini mafuta ya msimu huu hayanuki kama ya msimu uliopita. Wewe utauliza kwanza habari za mvua na siku ya kuvuna.

Mkemia wa Njiro:
Ninakubaliana na Mama, ila tusilikuze jambo hili kupita kiasi. Yapo maua yasiyokubali kukamuliwa harufu yake kwa namna yenye faida, kama muge, lile ua dogo jeupe la Ulaya lenye umbo la kengele. Edmond Roudnitska, mtengenezaji manukato wa Kifaransa, alilipanda katika bustani yake huko Cabris, karibu na Grasse, ili alichunguze, lakini harufu ya ua hilo katika Diorissimo, manukato aliyoitungia Dior mwaka 1956, aliijenga kwa kemikali, ikiwemo haidroksisitronelali, kemikali yenye harufu inayofanana na ya muge. Bustani ilimpa kielelezo, haikumpa malighafi. Kutambua mamia ya malighafi kwa kunusa ni mafunzo ya miaka, na shamba haliyafupishi.

Mpogoaji, Usa River:
Ninawashukuru nyote. Je, nianze na mawaridi yanayobaki kitaluni?

Mama Asumini, Moshi:
Hapana, mwanangu. Mengi ya hayo yamezalishwa yadumu kwenye chombo cha maua na yastahimili safari, na harufu ikapotea katika uzalishaji huo. Tena yamepuliziwa dawa, na mabaki yake yanaweza kuingia katika mafuta yako. Panda mchaichai na mrehani. Vuna fungu moja asubuhi na jingine mchana, ukeneke kila moja peke yake kwa mvuke, kisha udondoshee kwenye vipande vya karatasi na kuvinusa papo hapo, jioni, na kesho yake. Andika tarehe ya mavuno kwenye kila chupa.