Ati "ulilipia mashine, hukulipia kusomewa"!!!

MwanaMuyeye:
Watu wa Malindi, nimetoka kwa yule kijana wa kaunta ya vipimo vya moyo sasa hivi na mkono bado unanitetemeka. Mnamjua. Kaunta ya pili, mkono wa kulia, bakuli la mabuyu juu ya daftari la wagonjwa. Jina silitaji, mji mzima umeshapita mbele ya dirisha lake.

Mamangu moyo unamwenda mbio, unaruka, kisha unatulia kama haukufanya kitu. Kile kipimo cha kulazwa kitandani kinanasa sekunde 10 tu, na sekunde hizo kwake ni shwari. Daktari akasema avae ile mashine ya Holter, inayorekodi mapigo ya moyo mfululizo, saa 48. Basi tukakaa saa 48 na joto hili la Malindi, mtu mzima haogi, nyaya kifuani, kisanduku kiunoni, na kila moyo ukimruka naandika saa kwenye karatasi. Usiku wa manane naandika!

Pesa nilitoa kabla stika ya kwanza haijabandikwa. Bei ya mbuzi na mwanawe. SHA, bima hii ya afya iliyoshika nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ninayokatwa asilimia 2.75 ya mshahara nitake nisitake, yule akasema kwa kipimo hiki hapo haipiti. Nikanyamaza, nikahesabu taslimu.

Leo narudisha mashine, naomba majibu. Hakuinua hata kichwa. Akatema kokwa ya buyu kiganjani, akasema foleni nzima ikisikia: "Ulilipia mashine. Hukulipia kusomewa."

HUKULIPIA KUSOMEWA!

Kwani nilikodi ile mashine ya nini? Ningetaka kumpamba mamangu ningemnunulia kidani. Ati daktari wa moyo anayesoma yuko Mombasa, pesa yake kando. Stika kando. Betri kando! Nilidhani nimesikia vibaya, nikatoka nje, nikarudi, nikamwomba aseme tena. Akatia buyu jingine kinywani akasema tena, neno kwa neno. Na mamangu kashika ukingo wa kaunta, anaitwa "wewe mama" na kijana ambaye mama mwenyewe angeweza kumnyonyesha.

Mapigo ya siku mbili yamefungiwa ndani ya kile kisanduku. Kama ni ule moyo wa kupiga ovyo bila mpango, damu huganda ndani yake, na hatari ya kiharusi hupanda kama mara tano. Mara tano! Na mtu anatafuna! Kokwa kiganjani, jamani. Hukulipia kusomewa!

Kaskazi:
Nilipofika kwenye mabuyu nikasema ndiye! Yule ukihema mbele ya dirisha lake atakuandikia hewa kwenye risiti.

Tandu wa Barani:
Uzi mrefu kuliko karatasi ya moyo yenyewe. Kwani hukuuliza bei ile ina nini na nini ndani? Unatoa tu pesa mtu mzima?

MwanaMuyeye:
Tandu, niliuliza! Nikaambiwa "kipimo ni hiyo". Kipimo, si kukodisha sanduku! Wewe ukilipia chakula unaletewa sahani tupu?

Nesi Mstaafu:
Pole, mwanangu, na mama umpe pole yangu. Lakini kusoma ni kazi. Moyo wa mtu mzima kwa siku hupiga kama mara laki moja, kwa hiyo saa 48 ni laki mbili. Kompyuta huchambua kwanza, aliyesomea kazi hiyo hupitia palipotiliwa shaka, halafu daktari huandika ripoti na kutia sahihi. Hiyo ina bei yake halali. Kosa ni kuikata vipande na kumwambia mgonjwa akishavua mashine. Siku nyingine kabla hajabandikwa chochote, dai bei moja kwa maandishi: mashine, stika, kusomewa na ripoti mkononi. Wakikataa kuandika, ondoka.

MwanaMuyeye:
Nakuheshimu, Nesi. Ila wewe hukuiona ile kokwa.

Fundi Feni:
Huyo Holter mwenyewe alikuwa mtu wa Montana, Marekani. Mashine yake ya mwanzo ilikuwa kama kilo 38, inabebwa mgongoni. Mamako kavaa kiunoni. Shukuruni.

Kaskazi:
Kilo 38? Yule angewatoza na pesa ya hamali!

Ughaibuni:
Msidhani Marekani ni peponi. Huku kuna stika moja ya kubandika kifuani hadi siku 14, na bili yake nayo ina vipande: kubandika na kurekodi, kuchambua, daktari kusoma. Medicare, bima ya wazee, ilikaa bila bei moja ya taifa kwa vipimo hivi virefu mpaka 2023. Kabla ya hapo kila eneo na bei yake.

Tandu wa Barani:
Ughaibuni kila uzi lazima utupandishe ndege. Hata ule wa bei ya samaki changu ulitupeleka Marekani.

Amu Khalisi:
Mnajililia nyinyi wa Malindi, na lami mnayo mlangoni. Sisi wa Lamu mgonjwa apande boti mpaka Mokowe, basi kupitia Witu na Garsen, afike kwenu au Mombasa avalishwe. Halafu harudi nyumbani, kwa sababu mashine ni ya kurudisha! Atafute pa kulala na nyaya zake kifuani. Hayo ya kusomewa sisi hatujayafikia, bado tuko kwenye nauli.

Kaskazi:
Amu, hapo kwa basi umenigusa. Konda alinitoza mzigo kwa kikapu cha maembe nilichokipakata mwenyewe!

Amu Khalisi:
La alfajiri? Yule wa kofia ya manjano?

Kaskazi:
Huyo huyo!

MwanaMuyeye:
Jamani, kuna anayejua pengine pa kupeleka rekodi ikasomwe? Nauliza kweli.

Nesi Mstaafu:
Waulize kwanza kama watakupa faili yenyewe. Rekodi ni ya mama, si ya kaunta. Ukiipata, mwombe daktari aliyekuandikia kipimo akuelekeze. Na mama akizimia, kifua kikimbana au mdomo ukipinda, usingoje ripoti ya mtu, mkimbize hospitali.

Fundi Feni:
Yule wa kofia ya manjano alimtoza nyanyangu nauli ya jogoo. Nusu tiketi!

Tandu wa Barani:
Jogoo alikaa kitini?

Fundi Feni:
Alifungwa miguu, chini ya kiti! Kutoka Mpeketoni mpaka Gede bibi anagomba.

Amu Khalisi:
Na kiti chenyewe hakina mto, utakuta umekalia chuma. Mfungulieni uzi wake huyu mtu, leo leo.

Kaskazi:
Naufungua mimi. Fundi, risiti ya jogoo mnayo?