Kapu la simu saa moja usiku: kila mtu aweke yake?

Baba Zawadi (mleta mada)
Wakuu habari za jioni. Mwezi uliopita mwanangu wa miaka sita alinishika kidevu akanigeuza uso nimtazame. Alikuwa ananisimulia jambo la shuleni, mimi naitikia "enhe, enhe" huku kidole kinapandisha video. Mkono wake ulikuwa na mafuta ya maandazi, mafuta yakanigusa shavuni na mengine yakaenda kwenye skrini. Nilichofanya kwanza ni kufuta skrini. Ndipo nikamjibu mtoto. Usiku ule usingizi haukuja.

Tangu siku hiyo nimeweka kapu la ukindu juu ya friji. Ikifika saa moja usiku simu zote zinaingia humo mpaka asubuhi. Yangu, ya mke wangu, ya shemeji anayesoma chuo, na ya dada wa kazi. Hii ni wiki ya nne. Tunakula tukiongea, saa nne nimelala, na kitabu nilichoanza mwaka juzi nimekimaliza. Naona kila nyumba ingefanya hivi, na asiachwe mtu hata mmoja, maana mmoja akibaki na simu wote wanarudi. Mnasemaje?

Mwalimu wa Zamu
Nakazia. Kuna mtafiti wa Marekani anaitwa Gloria Mark, kazi yake ni kupima mtu anakaa muda gani kwenye jambo moja la skrini kabla ya kurukia jingine. Mwaka 2004 alipata dakika mbili na nusu. Vipimo vya miaka ya karibuni vinakuja kwenye sekunde 47. Mimi nafundisha kidato cha tatu, shuleni simu haziruhusiwi, lakini Jumatatu asubuhi nawajua waliokesha na simu za kaka zao. Ukimpa aya moja asome, mstari wa nne macho yako dirishani.

Kijana wa Buza
Mkuu hongera, ila hiyo saa moja yako ndiyo saa yangu ya kula. Mimi ni boda, nasambaza chakula. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa tano ndipo simu inaita. Nikiitia kapuni, kesho watoto watakula ukindu. Utaratibu wa mwenye mshahara usifanywe sheria ya kila nyumba.

Binti Njombe
Naomba nirudi nyuma kidogo. "Na ya dada wa kazi." Mleta mada umepita hapo haraka sana.

Mimi nimekuwa dada wa kazi, nililetwa Dar nikiwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa na kitochi, mfuniko wa betri umefungwa kwa mpira wa noti. Bosi alikiweka kabatini kwake, nilipewa Jumapili baada ya kanisa. Sababu alizotoa ni hizihizi, utulivu wa nyumba, nisivurugwe akili. Bibi aliyenilea alifariki Jumanne, akazikwa Alhamisi. Jumapili nikawasha simu nikakuta nimepigiwa mara kumi na tisa. Nilikuwa nimesimama jikoni, sufuria ya wali iko jikoni inatokota, na niliimalizia kupika kwa sababu wageni walikuwa wameshafika.

Simu yako wewe ni video za kuchekesha. Simu ya dada ni nyumbani kwao. Usizipime kwa kapu moja.

Baba Zawadi
Binti Njombe pole sana, lakini usinifananishe na huyo bosi wako. Dada wetu anakula mezani pamoja nasi, sikukuu anaenda kwao kwa nauli yangu, na asubuhi simu yake anaichukua mwenyewe, hakuna anayemfungia. Nimeleta hoja ya kupunguza simu nyumbani, nimekuwa mkoloni?

Binti Njombe
Sikusema mkoloni, neno hilo umelileta mwenyewe. Nauliza hivi: mlipopanga habari ya kapu, yeye aliulizwa?

Sheria Mkononi
Swali la kuulizwa ni zuri, lakini kuna la msingi zaidi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamhusu mfanyakazi wa nyumbani pia. Saa za kawaida za kazi ni 45 kwa wiki na haizidi 9 kwa siku. Kama dada anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwaandaa watoto, saa zake za kawaida zimeisha mchana. Hiyo saa moja usiku unayoigawa si yako.

Mama Wawili
Haya, wanasheria wameingia. Sasa na mimi niseme la kwangu. Nimerudi kazini siku moja saa tisa, nimeanza kusikia kilio nikiwa getini. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi yuko sakafuni, uji umemwagikia tumboni, nguo imegandamana na ngozi. Dada yuko uani, spika za masikioni, anaongea kwa video na mtu wake. Uji ulikuwa umepoa kiasi, namshukuru Mungu, lakini alama ile ipo mpaka leo, ukubwa wa jani la mchicha. Wanaotetea simu za wasichana wa kazi waje wamwogeshe mwanangu jioni wakaione.

Binti Njombe
Mama Wawili, pole, na huyo dada alikosea, sina cha kumtetea. Ila hiyo ilikuwa saa tisa mchana, saa ya kazi. Mimi nazungumzia usiku, watoto wamelala, vyombo vimeoshwa. Na samahani kama itauma: mwenye mada mwenyewe alikuwa na simu mkononi mtoto wake anamvuta kidevu. Baba akifanya hivyo anaitwa mtu anayetafuta utulivu. Dada akifanya hivyo ni wa kunyang'anywa.

Mama Wawili
Baba hakumwunguza mtoto.

Mpwani wa Kisauni
Jamani jamani. Mada ilikuwa simu na moyo wa mtu kutulia, sasa tumefika kwenye mkataba wa yaya. Nirudisheni nami niseme langu.

Mie tatizo langu halikuwa video, zilikuwa tiki za bluu za WhatsApp. Zilipoletwa, mwishoni mwa 2014, ndipo nilipoanza kuamka usiku kuangalia nani amesoma na hajajibu. Nimegombana na ndugu yangu wa tumbo moja miezi miwili kwa tiki mbili. Nilipojua zinazimwa kwenye mipangilio nikazizima, na siku ya tatu nikalala hadi alfajiri ikaadhiniwa. Na hizi kurasa zisizo na mwisho, aliyezibuni ni Mmarekani mmoja, Aza Raskin, mwaka 2006, na mwenyewe amesema hadharani kwamba anajuta. Zamani ukurasa ulikuwa ukifika chini unakwisha, unaulizwa waendelea ama la. Hilo swali ndilo walilolitoa.

Mnaikumbuka Jumapili ile ya Mei 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika huko kusini? Siku ile nilipumua. Barazani kwetu wazee walikuja na bao lililokuwa na vumbi. Vijana wakakaa wakacheza. Natamani iwe hivyo kila mwezi mara moja.

Muuza Vitenge
Ulipumua? Siku ile mimi nilikuwa na mzigo wa vitenge umeshuka Ijumaa, nimekopa kwenye kikoba, nategemea kuupandisha picha Jumapili watu wakitoka ibadani, maana ndipo wanaponunua. Nyaya za EASSy na Seacom zote chini, picha moja inazunguka nusu saa haijapanda. Jumatatu vilevile. Marejesho ya kikoba hayangojei waya. Niliuza doti nane kwa bei ya hasara kwa jirani ili nisiaibike mbele ya wanawake wenzangu. Watu wa "natamani intaneti ikatike" mnanichefua, kweli kabisa. Kama unataka kupumua, zima ya kwako.

Mpwani wa Kisauni
Dada yangu uniwie radhi, sikuwa nakuombea hasara. Nilisema nilivyohisi mie.

Muuza Vitenge
Nimekusamehe. Lakini doti nane.

Wakala Tandika
Mimi nina kibanda cha miamala na vocha, ngoja niwaambie kitu ambacho hakuna aliyekigusa hapa. Mnamlaumu mtu kwamba hana nidhamu, ila angalieni bando linavyouzwa. Mtu mwenye mia tano anapata MB za saa 24. Zikifika saa 24 zinapotea hata kama hajatumia nusu. Kwa hiyo jioni ikikaribia muda kuisha, anafungua chochote mradi ziishe mikononi mwake. Halafu kuna la usiku, bei poa, linaanza saa sita. Nina wateja, fundi ujenzi na mpiga debe, wanakuja saa tano na nusu kabla sijafunga, wananunua, wanakaa kwenye benchi langu wakingoja saa sita igonge. Saa kumi na moja fundi anapanda jukwaani na ndoo ya zege hajalala.

Mwenye Wi-Fi nyumbani anaweza kuweka simu kapuni, akiitoa kesho intaneti ipo palepale. Wa mia tano akiiweka kapuni saa moja, asubuhi hela yake imeoza. Ndiyo maana ushauri wenu hauingii huku kwetu. MB zingekuwa hazina tarehe ya kufa, ningefunga kibanda saa tatu.

Kijana wa Buza
Wakala umenena. Mimi ndiye huyo wa benchi, kibanda kingine tu. Bando la usiku lilinifikisha kwenye kubeti, sikuwa mtu wa kubeti. Saa nane usiku huna wa kuongea naye, mkeka unaletewa mpaka kitandani.

Mwalimu wa Zamu
Ulitokaje?

Kijana wa Buza
Sijatoka kabisa, nisidanganye. Nilichofanya nimenunua kitochi. Laini ya kazi na ya miamala iko humo, wateja wananipigia, napokea. Simu janja naiacha kwa mama ntilie ninapopaki, naichukua nikienda kulala tu, na siku mbili hizi nimeisahau kwake nikarudi nyumbani bila hiyo. Siku ya kwanza mkono ulikuwa unaenda mfukoni wenyewe. Nimesimama kwenye taa Tazara, mkono unaingia, unakuta kitochi, unatoka. Nikaanza kuangalia watu. Kuna mzee anauza korosho pale, napita kila siku sijawahi kuona kwamba ana mguu mmoja.

Muuguzi wa Usiku
Kwa wale wenye hofu ya dharura: simu janja nyingi zina sehemu ya usisumbuliwe. Unazima sauti zote, unaruhusu namba chache tu ziite, ya mama, ya kazini, ya jirani. Na unaweza kuweka kwamba mtu akipiga mara ya pili mfululizo, iite. Mimi nikiwa mapumzikoni naiweka hivyo. Kitu kilichokuwa kinaniua ni magrupu, la ukoo peke yake lina watu mia moja na sitini, "asubuhi njema" zinaanza saa kumi alfajiri. Nimeyanyamazisha yote, nayafungua Jumamosi. Misiba nimeambiwa kwa kupigiwa, kama zamani.

Mama Wawili
Kwa hiyo suala la dada limeishia wapi?

Baba Zawadi
Halijaishia. Jana nilikasirika nikafunga, sikuandika. Leo jioni, baada ya chakula, nilimwita dada nikamuuliza kuhusu kapu, kwa mara ya kwanza. Alikaa kimya, akasema "ni sawa tu baba." Mke wangu akaniashiria nitoke. Alipobaki naye ndipo akasema.

Ana binti wa miaka minne, yuko Kondoa kwa bibi yake. Nilijua ana mtoto, tulimwajiri tukijua. Sikuwahi kuuliza mtoto huyo analala saa ngapi. Analala saa mbili usiku, na alikuwa amezoea kuimbiwa na mama yake kwenye simu kabla ya kulala, bibi anashikilia. Wiki nne hizi bibi amekuwa akimwambia mama ameishiwa chaji.

Nimemrudishia simu mkononi. Nilimwomba radhi, hakujua pa kutazama, na mimi vilevile. Saa mbili kasoro alikuwa uani ameinama kwenye ndoo iliyogeuzwa, tunamsikia kutoka sebuleni. Zawadi akauliza, "Dada anamwimbia nani?" Nikamweleza. Kapu liko palepale juu ya friji na simu tatu.

Binti Njombe
Asante kwa kurudi kusema. Wengi hawarudi.

Mama Wawili
Mimi wa kwangu mchana simu yake inakaa kwangu, hilo halibadiliki. Usiku nampa. Nilikuwa nampa hata kabla ya mjadala huu, sikusema kwa sababu ya hasira.

Sheria Mkononi
Na likizo yenye malipo anapata?

Mama Wawili
Usinianze.

Mwalimu wa Zamu
Kijana wa Buza, hicho kitochi ulinunua wapi? Ninachokiona huku kina tochi lakini chaji haimalizi siku mbili.

Kijana wa Buza
Kariakoo, Aggrey. Usichukue cha kwanza unachooneshwa, waambie wakifungue betri uione, na piga nacho simu palepale dukani. Changu leo ni siku ya tano sijachaji.

Mpwani wa Kisauni
Huku twaziita mulika mwizi. Ninacho cha marehemu baba, nikitafutie chaja.