Ruta inakata mtandao kila jioni na simu ya mezani inakufa nayo. Nibadilishe au nihame?

Kipepeo Kimya (mleta mada):
Wakuu, habari za humu. Nina ruta ya nyumbani, laini ya faibari. Simu ya mezani nayo inapitia intaneti, nimeichomeka kwa kebo kwenye ruta hiyohiyo. Mchana kutwa mambo safi. Ikifika jioni waifai inaonekana imejaa lakini hakuna ukurasa unaofunguka, na kioo cha simu kinaandika "haijasajiliwa". Nikizima ruta na kuwasha inapona kidogo, halafu yaleyale. Kazi yangu ni kupokea simu za wateja nikiwa nyumbani na bosi ameshaanza kuhoji. Nauliza hivi tu: ninunue ruta mpya ya antena sita, au nihame mtoa huduma? Wa kukejeli apite.

Mpita Njia:
Hama. Jioni kila mtu anaangalia video, wanazidiwa hao.

Mama Wawili:
Mdogo wangu, angalia adapta kwanza. Mwanangu alichomeka adapta ya kifaa kingine kwenye ruta yetu. Kichwa kinaingia vizuri kabisa, kumbe ruta inataka volti 12 na ampea 1.5, ile inatoa ampea 0.5. Taa zinawaka kama kawaida, ila watu wakiunganishwa wengi inajizima na kujiwasha yenyewe. Baba yao alilumbana na watu wa huduma kwa wateja mpaka sauti ikamkauka. Mtoto mwenyewe sasa anasomea umeme, sijui nicheke au nilie.

Kipepeo Kimya:
Dada, adapta ni ileile iliyokuja nayo, na ruta haijizimi. Taa zote kijani, hata ile ya intaneti.

Kobe Mzee:
Mikrowevu hiyo. Inafanya kazi bendi moja na waifai ya 2.4 GHz, na jioni ndiyo saa ya kupasha chakula. Hamia 5 GHz, ukishindwa weka chaneli 1, 6 au 11.

Fundi wa Zamu:
Kobe, simu iko kwenye kebo na inakufa pia. Mikrowevu haiui kebo.
Mleta mada, kama taa ya intaneti inabaki kijani wakati kila kitu kimekufa, laini ya nje siyo ya kwanza kushukiwa. Jioni ikikata usizime kitu. Fungua kivinjari kwenye kompyuta, andika 192.168.1.1 (anwani ya ruta yenyewe), utuambie unaona nini.

Kipepeo Kimya:
Imekata sasa hivi, nimefanya. Umekuja ukurasa wa bluu unaomba neno la siri. Nimeandika la siku zote, limekataa. Ruta imechoka hii, imesahau mpaka neno la siri. Muuzaji wa ile ya antena sita nimeshampa nusu ya hela, kwa hiyo nadhani nimalizie tu.

Fundi wa Zamu:
Tulia na hela yako. Mchana ukurasa huo huwa na rangi gani?

Kipepeo Kimya:
Mweupe. Una nembo juu kushoto.

Fundi wa Zamu:
Basi huo wa bluu siyo wa ruta yako. Kuna ruta ngapi kwenye huo mtandao?

Kipepeo Kimya:
Ninayotumia mimi ni moja.

Nungunungu:
"Ninayotumia mimi" 😂 Haya, na ile usiyoitumia wewe?

Kipepeo Kimya:
Ipo ya zamani, iko kwa jirani. Nimevuta kebo kutoka kwenye yangu, ikapita dirishani, tunachangia bili. Anaiwasha akirudi kazini. Sikuitaja kwa sababu haihusiki, waifai yake ina jina lake na neno lake la siri, na anachosikiliza ni mahubiri tu. Tena hata yeye analalamika, siku nyingine inashika, siku nyingine inagoma, anataka mchango wake urudi. Sasa kama inasumbua kwa wote wawili, si ndiyo ushahidi kwamba ruta kubwa ndiyo mbovu?

Mwalimu Mstaafu:
Kijana, mkataba wako umeusoma? Watoa huduma wengi hawaruhusu kugawa laini nje ya nyumba. Huyo jirani akifanya utapeli mtandaoni, anwani itakayoonekana ni yako. Watakaogongewa mlango ni nyie, siyo yeye.

Nungunungu:
Jirani ni wa kiume au wa kike? Kebo ya kupitia dirishani ina maelezo yake.

Jicho la Tatu:
Wakuu, hii ni chai. Mtandao wake umekufa jioni, na jioni hiyohiyo anajibu hapa fasta fasta. Anatumia njiwa? Halafu "antena sita" haimtoki mdomoni. Subirini, atatokea mwenzake hapa na namba ya kuagizia.

Mpita Njia:
Nilishangaa mimi. Akaunti yenyewe mpya.

Kipepeo Kimya:
Ninaandika kwa bando la simu ya mkononi, kuna ajabu gani? Na mimi siuzi, ndiye ninayeuziwa.

Jicho la Tatu:
Weka picha ya huo ukurasa wa bluu.

Kipepeo Kimya:
[picha]

Mama Wawili:
Kidole kimeziba nusu. Muuzaji hawezi kupiga picha mbaya hivi, mwacheni.

Fundi wa Zamu:
Turudi kazini. Kebo umetoa tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta yako ukaingiza tundu la LAN la ruta ya jirani, sivyo? Zote mbili zinajiita 192.168.1.1 na zote zinagawa anwani kwa DHCP (utaratibu wa ruta kukipa kila kifaa anwani yake). Mtaani wakiwepo wawili wenye jina moja, ukiita anaweza kuitika asiyehusika. Simu yako inaita 192.168.1.1 ipate njia ya kutoka, inaitika ile ya jirani, ambayo haina njia yoyote ya nje. Usajili unakufa. Jirani naye ikiitika ruta yake mwenyewe anakwama, ikiitika yako anapata. Ndiyo maana ya siku hivi siku vile.
Chomoa kebo ya dirishani kwanza. Unganisha kompyuta kwenye ruta ya jirani peke yake, badilisha anwani yake iwe 192.168.1.2, kisha zima DHCP. Hakikisha ruta yako haigawi hiyo .2 kwa kifaa kingine. Rudisha kebo LAN kwa LAN. Antena hazihusiki hapa, hata ziwe ishirini.

Kipepeo Kimya:
Mrejesho: jana usiku haikukata, jirani pia katulia. Lakini ile mpya naichukua tu, nusu ya hela nimeshatoa, na antena nyingi haziwezi kuwa za bure.

Fundi wa Zamu:
Hela yako. Hiyo mpya nayo itakuja inagawa DHCP. Ikichukua nafasi ya ruta kubwa iache igawe, ila angalia anwani yake. Nyingine ni 192.168.0.1, na hapo ile .2 ya jirani hutaifungua tena mpaka uibadilishe.

Mama Wawili:
Fundi, samahani kwa kuvamia. Kwangu simu ya mezani namsikia mtu vizuri, yeye hanisikii kabisa.

Fundi wa Zamu:
Fungua uzi wako, dada. Ila kwanza ingia kwenye mipangilio ya ruta utafute SIP ALG (kipengele cha ruta kinachochezea mawasiliano ya simu za intaneti), izime, uwashe simu upya.