Picha za mavazi kwa mwanga wa jua Bagamoyo: mahali gani, saa gani, bila flashi?

FundiWaVitenge

Habari zenu ndugu zangu, na shikamooni nyote mlionitangulia katika kazi hii. Mimi ni mshonaji wa magauni hapa Bagamoyo, na nimeanza kupiga mwenyewe picha za nguo ninazowatumia wateja wa Dar es Salaam. Nina kamera moja yenye sensa ndogo, lenzi ya milimita 50 yenye tundu la f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu la kupitisha mwanga ni pana), na shuka jeupe. Sina flashi wala stendi, na kwa sasa sikusudii kununua. Wanaonivalia nguo ni wadogo zangu na majirani, ambao hupata nafasi mchana kuliko alfajiri. Naomba kujua ni wapi na saa ngapi mwanga wa hapa huonyesha vizuri rangi na mshono, na nifanyeje ili gauni jeupe lisipoteze darizi zake huku uso wa msichana mweusi ukibaki na nuru.

MwangaWaPwani

Marahaba, dada yangu. Kwa nguo, ningekushauri uachane na habari ya kusubiri machweo ufukweni, kwa sababu bahari yetu iko mashariki na jua huzama upande wa bara, nyuma ya nyumba. Kuanzia kama saa nane mchana, kuta zinazotazama bahari huwa zimeingia kivulini, na mbele yake hakuna kinachoziba anga. Msichana akisimama hatua mbili mbele ya ukuta wa namna hiyo na kuelekeza uso baharini, humulikwa na anga nzima kama aliyesimama mbele ya dirisha kubwa: vivuli vya chini ya macho na kidevu hulainika, na ndani ya mboni huonekana nukta safi ya nuru. Mchanga mkavu ulio mbele yake nao hurudisha mwanga kutoka chini. Kwa hiyo huo mchana wa majirani zako unafaa kabisa, ilimradi usiwatoe kivulini.

Barabara ya India, pale Mji Mkongwe, inakwenda sambamba na pwani. Asubuhi kivuli kiko upande mmoja, alasiri kiko upande wa pili. Milango ya nakshi inapendeza, lakini utazame ukuta wa jirani una rangi gani. Chokaa nyeupe hurudisha mwanga usio na rangi, ilhali ukuta wa kijani au wa njano hupaka rangi yake shavuni na kwenye pindo la gauni, na mteja atadhani kitambaa ndicho kilivyo. Anza kila mahali kwa picha moja ya msichana akiwa ameshika karatasi nyeupe, ili baadaye urekebishe rangi kwa kuifuata.

Adhuhuri uwanja wa wazi uuepuke. Tuko karibu nyuzi 6 na nusu kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na katika wiki ya pili ya Oktoba jua hupita utosini kabisa, macho yakabaki ndani ya giza. Ukilazimika, watu wawili walitandaze hilo shuka juu ya kichwa chake.

Mama Darizi

Mdogo wangu, mimi nijibu la gauni jeupe. Kamera haijui kama kilicho mbele yake ni cheupe au cheusi. Hukichukulia kila kitu kuwa cha kijivu cha wastani, kinachorudisha kama asilimia 18 ya mwanga. Gauni jeupe likijaa kwenye picha, kamera hupunguza mwangaza, gauni likawa la kijivu na uso ukazama. Nawe ukiuongeza kwa pupa ili kuuokoa uso, darizi huungua, na weupe ulioungua haurudishwi na programu yoyote. Washa lile onyo la weupe uliopitiliza kwenye kioo cha kamera, ongeza mwangaza theluthi moja moja ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili) mpaka sehemu angavu zaidi ya kitambaa ianze kuwaka na kuzima kiooni, kisha rudi theluthi moja. Hapo nguo imepata haki yake.

Uso upewe nuru kwa njia nyingine: karatasi nyeupe ya manila iliyobandikwa kwenye boksi, ishikwe upande usio na mwanga, karibu mno na msichana kiasi cha kukosa kidogo tu kuingia pichani, kwa kuwa ikisogezwa nyuma nguvu yake hupungua upesi. Mng'ao wa ngozi nyeusi ni uzuri wake, usiufute wote kwa poda. Mpake mafuta kidogo begani na juu ya shavu, halafu mgeuze taratibu hadi uone mstari wa nuru ukiufuata mfupa wa shavu. Na uhifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaibana, si JPEG iliyobanwa.

MtotoWaDau

Kwa heshima, naomba kutofautiana kidogo na kaka MwangaWaPwani. Kitenge kizito kinapenda kivuli, lakini mtandio au gauni la shifoni halina uhai ukutani. Linataka jua lichomoze nyuma yake, kutoka baharini. Omba alfajiri moja tu. Jua letu hupanda karibu nyuzi 15 kwa saa, hivyo kufikia saa moja na nusu ule mwanga wa chini umekwisha. Chagua siku ambayo maji ya bahari yanakupwa muda huo, maana mchanga uliolowa huakisi anga na rangi ya nguo, na ubebe kitambaa cha kufutia chumvi kwenye lenzi.

Ukienda magofu ya Kaole, kama kilomita 5 kusini mwa mji, omba kibali cha picha za biashara kabla ya kutoa kamera. Pale pana msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya watu. Usimkalishe mtu wala kuanika nguo juu ya kaburi kwa ajili ya picha, hata ikipendeza namna gani.

FundiWaVitenge

Nawashukuru sana. Je, lenzi hii moja itatosha gauni zima pamoja na mshono wa karibu?

MwangaWaPwani

Itatosha, dada. Kwa gauni zima, simamisha kamera wima, urudi nyuma kama mita 4 na nusu, uchuchumae hadi lenzi iwe usawa wa kiuno ili miguu isifupike. Ukisogea kwenye kola au darizi, usitumie f/1.8, kwa sababu kwa umbali wa mita moja kina kinachoonekana bila ukungu ni sentimita chache tu; funga tundu hadi f/5.6, na mwanga utoke ubavuni ili kila uzi utupe kivuli chake. Akisimama, kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/250 ya sekunde inatosha. Akitembea au upepo ukilivuta pindo, nenda 1/500.